Kavuo Hataki Kubebwa Tena

Waasi walipokuja mara ya kwanza, mashemeji zake wawili walimbeba Kavuo kwenye tipoyi, machela ya miti na kamba, kutoka Kalunguta mpaka mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Alikuwa mnene mno, hawezi kupanda mlima. Njiani watu walicheka: "Angalia, malkia anakimbia vita!" Yeye aliona tu migongo ya wale wanaume ikitetemeka. Alijua risasi zikiwakuta, watakufa kwa ajili yake.

Basi mwaka 2024 akaenda kwa daktari wa Butembo, akaandikiwa sindano ya kila wiki ya kupunguza unene. Dawa yake huiga homoni ya tumbo, ile inayoambia kichwa kwamba umeshiba. Akapewa na vitamini, kwa kuwa anayekula kidogo hupungukiwa na mengi.

Njaa ikaondoka bila kuaga. Harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilimpita puani ikaenda zake. Asubuhi Kavuo alikaa mlangoni, akaona vilima vikielea kwenye ukungu, naye akielea pamoja navyo. Nguo zikalegea. Usingizini alikimbia juu ya majani bila kuyakanyaga. Sahani yake aliisukuma kwa mumewe, Mathe.

"Kula hata kidogo, mama," Mathe akamwambia.

"Njala hapana iko. Nimemeza vitamini, inatosha."

"Ile kidonge ni maharagi?"

"Una wivu juu nimerudia usichana!"

Siku bunduki zilipolia tena, Kavuo alitangulia kutoka nyumbani. Alipanda mlima kwa miguu yake, mwepesi, kama yumo ndotoni bado. Kisha mlima ukazunguka. Akaanguka kwenye majani.

Mathe akawaita ndugu zake wale wawili wamwinue.

"Hapana munibebe!" Kavuo akasema.

"Basi kula. Sindano imefukuza njala, lakini mwili ungali unaomba chakula. Unaomba bila sauti tu."

Mathe akamfungulia kifurushi cha fufu baridi, ugali wa muhogo, na maharagwe. Kavuo akala bila hamu, kama mtu anayelima shamba la mwingine. Kila tonge lilitaka kurudi; alilisukuma kwa maji. Mashemeji walisimama, mikono tayari, wakitazama nyuma.

Akatafuna mpaka mlima ukatulia mahali pake. Akainuka, akajifunga kitenge upya.

"Twende," akasema, akaweka mguu mbele.