Beseni la Scholastique

Kijiba cha roho hakina dawa, na cha Kavira kilikuwa na umri wa miaka mitatu. Kilianza siku mama mkwe wake alipompa Scholastique kibuyu cha maziwa.

Na kibuyu chenyewe wala si dhahabu. Ni kibuyu kilichopigwa na moshi hadi kikawa cheusi, kilichotoka kijijini Aveba mgongoni mwa bikizee huyo mwaka wa vita. Lakini katika ukoo ule siagi ya harusi husukwa humo tu, na mwanamke ambaye bado anaona siku zake hakigusi. Anayekishika ndiye mama wa ukoo. Akisema, wengine wanangoja amalize. Kavira, mke wa Vital, mtoto wa kwanza, ndiye aliyestahili, ila alikuwa na miaka hamsini na siku zake bado zilikuja kila mwezi bila haya. Za Scholastique, mke wa Aimé, mdogo wa Vital, zilikuwa zimekatika mapema. Kibuyu kikamruka mkubwa kikaenda kwa mdogo.

Mwaka jana za Kavira nazo zikakoma. Joto likampanda kanisani katikati ya mahubiri, usiku akatupa shuka. Wanawake wenzake walikuwa na maelezo tayari: damu isiyotoka hupanda kichwani, na mwanamke aliyekoma amekuwa nusu mwanaume. Yeye hakujali. Alifurahi kama msichana, akaenda moja kwa moja kwa bikizee. Bikizee akamwambia kwamba kitu kilichotolewa hakirudishwi, isipokuwa damu ya mwenye kibuyu ikionekana tena. Kavira akarudi nyumbani na joto lake.

Sasa sikiliza. Jumatatu ya Pasaka, katika ua wao wa mtaa wa Rwambuzi ambao nyumba ya Vital na ya Aimé zinachangia, Kavira alitoka kuchota maji. Kando ya bomba palikuwa na beseni la bluu la Scholastique, wazi kabisa, na vitambaa vimelowekwa ndani. Maji yalikuwa mekundu. Moyo ulimruka kwa furaha, tusimfiche. Kumbe mwanamke huyu ni mwongo! Miaka mitatu ameshika kibuyu na damu yake bado inatoka!

Angeweza kupiga kelele palepale. Hakupiga. Jambo la uani huzimwa uani, na yeye alitaka mashahidi. Mwezi wa nane Stéphane, mtoto wa Aimé, angeoa, na wakwe wangejaa uani. Hapo ndipo angesema, Scholastique akiwa na kibuyu magotini. Subira huvuta heri, alijiambia, na kwa miezi minne alimsalimu mwenzake kwa upole uliowashangaza hata kuku.

Na Scholastique alizidi kung'aa. Alisuka nywele upya, akashona kitenge cha kubana, Aimé akawa anarudi mapema jioni. Kavira aliona yote na roho ikamuuma. Aliona pia kwamba mwenzake amepungua mashavu, akamwonea wivu hata huko kukonda.

Jumapili ya mwisho kabla ya harusi, baada ya misa, muuguzi Divine wa kituo cha afya cha Saio aliwakalisha akina mama na kuwaeleza habari za kukoma hedhi. Walicheka, wakajificha nyuma ya leso. Alisema joto si uchawi, na damu haipandi kichwani. Kisha akaacha kutabasamu.

“Bamama, kama damu ilikatika mwaka muzima, kisha inarudia, musiseme ujana imerudia. Ile iko ugonjwa, inaweza kuwa ile mubaya, kansere. Mukuje mbio, musingoje.”

Kavira hakucheka tena. Basi Scholastique hakuwa mwongo. Siku zake zilikatika kweli, na lile beseni lilikuwa jambo jingine.

Ungedhani alikimbia kwenda kumwambia. Thubutu! Jumatatu alinyamaza, Jumanne akanyamaza. Wivu ulimnong'oneza kwamba akisema, ukoo mzima utamzunguka Scholastique kwa machozi na mbuzi, naye atakuwa malkia hata kitandani. Alhamisi maziwa yalifika kutoka Aveba kwa pikipiki. Scholastique akaketi mkekani kusuka siagi, akasuka kidogo, akainama na kushika kiuno, akasuka tena. Kavira alimtazama kutoka mlangoni. Mara ya tatu alipoinama, Kavira alitembea hadi pale, akamtoa kibuyu mikononi na kukiweka chini.

“Amuka, Mama Stéphane. Twende kwa Divine.”

Scholastique hakuuliza kwa nini. Hilo peke yake lilimtisha Kavira.

Kituoni Divine alifungua daftari akauliza damu ilianza lini. Scholastique akatazama ukuta, akasema majuma mawili. Divine akaandika.

Kavira alijua kwamba akinyamaza sasa, hakuna atakayejua kamwe yale aliyoyaona.

“Futa hiyo,” alisema. “Ilianza Pasaka. Nilionaka mimi mwenyewe.”

Divine aliinua kichwa, akawatazama wote wawili, akafuta. Aliandika barua ya kwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, akatoka kutafuta muhuri.

Walibaki wawili kwenye benchi. Kavira alingoja matusi, na angeyapokea yote. Scholastique alikuwa akikunja ncha ya kitenge chake kipya, anakunja na kukunjua.

“Ile beseni niliiachaka pale makusudi,” alisema. “Miaka tatu Aimé alikuwa ananiangalia sawa mama yake, na weye mukubwa wangu uliendelea kupata siku zako. Nilikuonea wivu sana. Ile damu iliporudia nilishukuru Mungu. Nikasema, kibuyu akamate, lakini aone muzee ni nani kati ya siye mbili.”

Kavira aligeuka akamtazama.

“Nilikungojea useme,” Scholastique aliendelea. “Kila siku nilikungojea. Nilijua weye, Mama Michée, hauwezi kunyamaza.”