Bahari ya Berea

Marthe alipopata viza ya Ugiriki hakumwambia mtu kanisani. Alimwambia Héritière peke yake, kwa kuwa Héritière ndiye aliyekuwa akikata tiketi katika ofisi ndogo ya safari pale Berea, Johannesburg, ghorofa ya tatu, chumba cha nyuma kinachotazama uchochoro. Alikuja asubuhi ya Jumanne moja ya Januari akitokea mtaa wa Bertrams, utepe wa kupimia nguo ukiwa bado shingoni, akakaa, akasema anataka kwenda kisiwani mwezi wa pili.

"Mwezi wa pili ni baridi kali kule, Mama Marthe," Héritière akamwambia. "Watalii wamesharudi kwao. Hoteli nyingi zimefungwa, na meli zenyewe ni chache."

"Ndiyo maana nauli imeshuka. Na mimi siendi kuogelea."

Héritière hakuuliza zaidi. Watu wa Bukavu walioko Johannesburg walikuwa wanajua habari za Gaël, mtoto wa pekee wa Marthe, aliyepitia Uturuki miaka minne iliyopita na kupanda mtumbwi wa mpira ambao haukufika. Alizikwa kisiwani hukohuko. Shirika moja lilimtumia mama yake namba ya kaburi na picha ya udongo, basi.

"Tiketi naweza kukupatia," Héritière akasema. "Kazi iko kwenye nyumba ya kufikia. Msimu kama huu ndio matapeli wanaushikilia. Nyumba za kweli zimefungwa, wao wanakuuzia picha."

"Nyumba nimeshapata."

Akatoa simu ya pili mkobani, ya zamani, kioo kimepasuka. Kulikuwa na ujumbe wa Kiswahili cha nyumbani kabisa. Mtu aliyejiita Alain, mzaliwa wa Uvira, alikuwa akitunza nyumba ya Mgiriki mmoja karibu na makaburi. Mwenye nyumba yuko Athene mpaka kiangazi. Chumba kipo, madirisha ya buluu, bahari mlangoni. Alichotaka ni nusu ya malipo wiki hii, ipitie kwa jina la mtu mwingine.

Héritière aliusoma mara mbili. Mambo aliyokuwa akiwaonya wateja kila siku yalikuwa humo karibu yote: haraka, jina la kando, na picha zinazodaiwa ni za msimu wa baridi, zenye maua mekundu yanayochanua wakati wa joto.

"Alipata wapi namba yako?"

Marthe aliigeuza simu mkononi. "Sijui. Namba hii sijampa mtu. Nilimpa Gaël tu, siku anaondoka, nikamwambia hii ni yako peke yako, haitazimwa hata siku moja. Kwa hiyo naichaji."

Wakakubaliana kwamba hakuna pesa itakayotoka kabla Alain hajaionyesha nyumba kwa simu ya video, moja kwa moja, siku hiyohiyo. Héritière alitegemea atatoa visingizio. Alain akajibu kabla hawajamaliza chai: saa nane mchana, bila wasiwasi, maman.

Saa nane ilipofika walikaa bega kwa bega, simu imeegemezwa kwenye kopo la kalamu. Saa nane na dakika ishirini chumba kikatokea. Kuta nyeupe, kitanda chembamba, meza yenye kikombe kimoja, na mbao za buluu zilizofunga dirisha, mwanga wa njano ukizimulika kama wa jua. Nje bahari ilikuwa inavuma. Mtu mwenyewe hakujionyesha. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu wa makamo.

"Karibu, maman. Unaona kulivyotulia? Watu hakuna. Ni mimi tu na maji."

"Tuonyeshe nje," Héritière akasema.

"Nje kuna upepo, dada, hamtasikia kitu. Kwanza muone humu."

Akaizungusha simu taratibu. Héritière hakuwa anatazama sana, alikuwa anasikiliza. Mawimbi yalipiga, yakapiga, kisha mbwa akabweka mara mbili kwa mbali. Mawimbi tena, na mbwa yuleyule, mara mbili, pumzi ileile. Alipokwisha kuhesabu mara ya nne alinyoosha mkono akate simu, lakini Marthe alimshika kiganja.

Ukutani, kwenye msumari, lilikuwa limetundikwa koti la kijivu lenye kola ya kitenge cha manjano.

"Hilo ni la nani?" Marthe akauliza.

"Kijana mmoja aliliacha zamani. Sikuwa na moyo wa kulitupa."

Marthe alikuwa amelishona koti hilo kwa mikono yake. Héritière alilijua pia. Liko kwenye picha ya Gaël ambayo Marthe huiweka Facebook kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake. Mtu yeyote angeweza kuitazama picha ile na kutafuta fundi wa kumshonea la kufanana nalo. Alifungua mdomo kulisema hilo, Marthe akamtangulia.

"Nitalipa leo," Marthe akasema.

Hapo umeme ukakatika. Ulikuwa mwaka ule wa mgao mkali na ratiba ilikuwa imebandikwa mlangoni, saa nane na nusu mpaka saa kumi na nusu. Feni ya ofisi ikapunguza mwendo, ikasimama. Kwenye simu, kisiwani, taa ikazimika sekunde ileile.

Na bahari ikanyamaza.

Wala haikufifia. Ilikatwa kama kwa mkasi. Kikabaki kioo cheusi na ukimya mzito, na ndani ya ukimya ule ndege hadeda wa mitaa ya Johannesburg akalia, mlio wake mbaya kama bawaba yenye kutu. Héritière aliusikia kupitia dirishani kwao, kisha, nusu sekunde baadaye, akausikia simuni.

"Mama," sauti ikasema gizani. Haikuwa ya Alain. Ilikuwa nyembamba, ya kijana, karibu sana na simu. "Mama, usilipe."

Marthe akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Allô? Allô, mnanisikia?" Huyo sasa alikuwa Alain, na sauti yake ilitoka mbali kidogo, kama mtu aliye upande wa pili wa chumba. "Mtandao unasumbua, dada. Subirini nifungue dirisha."

Mbao za buluu zikafunguka na mwanga wa mchana ukaingia. Hapakuwa na bahari. Palikuwa na ukuta wa matofali ya kahawia, ngazi ya chuma ya dharura, na dirisha lenye bango la ndege ya abiria lililopauka. Héritière alilitazama bango lile kwa muda akijiuliza ameliona wapi. Kisha akageuka. Lilikuwa limebandikwa kwenye kioo cha ofisi yao, pembeni mwa kichwa chake.

Ng'ambo ya uchochoro, ghorofa ileile, mbao za buluu zilikuwa wazi. Nyuma yake kulikuwa na giza tu. Simu ikakatika.

Walishuka kwa ngazi. Mlangoni waliwakuta walinzi wawili, na mmoja wao, Placide, Mrundi mrefu aliyezoea kumpa Héritière shikamoo ya utani, aliona nyuso zao akaacha utani. Aliwasikiliza, akamwachia mwenzake lango, akachukua rungu na tochi, akawapeleka jengo la nyuma. Lilikuwa la wapangaji wa kuchangia vyumba, wengi waliokuja na begi moja. Ghorofa ya tatu ilikuwa kimya. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko kilivyoonekana. Kuta zilipakwa rangi upande mmoja tu, ule wa kuonyeshwa. Pengine pote palikuwa na ukungu na nyaya zilizoning'inia. Spika ilikuwa chini ya dirisha, na taa yenye karatasi ya njano. Kitanda kimoja, kikombe kimoja, kiti kimoja. Vumbi jeupe la rangi lilikuwa limetanda sakafuni, na nyayo zilizokuwepo, kadiri Placide alivyozimulika, zilikuwa za jozi moja ya viatu, zikienda dirishani na kutoka mlangoni.

"Eish," akasema taratibu. "Wanakaa hapa wanaona nani anapanda ofisini kwenu. Walikuwa wawili, dada. Mmoja anaongea, mwingine anamtisha mwenzake asiendelee. Inatokea."

"Huyo wa pili alisimama wapi?" Héritière akauliza.

Placide akaimulika tena sakafu.

Marthe alikuwa ameshalishusha koti. Hakulinusa wala hakulikumbatia. Alilipindua nje ndani, kifundi, akapitisha kidole kwenye bitana ya kwapa la kushoto, akakata nyuzi tatu kwa meno. Humo mlikuwa na mfuko mdogo kuliko kiganja. Akatoa kipande cha karatasi kilichokuwa kimelowa zamani na kukauka kikawa kigumu kama ganda. Maandishi yalikuwa yamevuja, lakini tarakimu zilisomeka. Ilikuwa namba ya ile simu ya kioo kilichopasuka.

"Huu mfuko niliushona usiku wa mwisho, namba ikiwa ndani," akasema. "Hata yeye nilimwonyesha asubuhi, tukiwa mlangoni."

Placide akasema nguo za wafu huuzwa, na watu husafiri, na kitu cha kule kinaweza kufika huku kwa mikono mingi. Inawezekana. Héritière alilishika wazo hilo kwa nguvu njia nzima ya kurudi, ila halikumweleza nyuzi tatu ambazo hakuna aliyekuwa amezikata kabla ya Marthe.

Polisi waliandika maelezo, wakapiga picha chumba. Namba ya Alain haikupatikana tena. Héritière alihangaika siku tisa mpaka akampata mwanamke wa parokia kisiwani anayekodisha chumba mwaka mzima, mtu aliyekubali kulipwa mkononi mgeni akishafika, na ambaye kasisi wake alipokea simu na kumthibitisha. Marthe aliondoka mwezi wa pili, koti likiwa kwenye begi.

Alirudi baada ya siku kumi na mbili. Alikuja ofisini mchana akiwa amekonda kidogo, mtulivu, akasimulia kwa mpangilio kama mtu anayetoa hesabu ya kitambaa. Chumba kilikuwa safi. Bandarini dereva alimdai nauli kubwa ajabu, akisema msimu huu hakuna gari jingine na njia ya makaburini ni mbaya. Alikumbuka maonyo ya Héritière, akakataa, akaenda kwa miguu.

"Peke yako? Kwenye barabara tupu?"

"Kulikuwa na mtu mbele yangu," Marthe akasema. "Kijana. Alikuwa anatembea polepole, kila penye njia panda anasimama mpaka nimkaribie, kisha anaendelea. Nilimfuata yeye. Kwenye lango la makaburi sikumwona tena."

Héritière aliweka kalamu mezani. "Hukumwita?"

"Sikumwita. Niliogopa atageuka akawa mtu mwingine."

Akafungua mkoba, akatoa kifuko cha zeituni alichomletea, akakiweka juu ya meza. Akauliza kama Placide yuko zamu leo, kwa sababu alikuwa na kifuko chake pia.