Sauti Nyuma ya Tela

Fundi wa kamera alimtambua yule mzee hata kabla hajashusha vifaa vyake. Alikuwa amenyauka na ndevu zimejaa mvi, lakini mwendo ulikuwa uleule, wa mtu anayetembea kama anakwepa mvua. Huyo ndiye aliyekuwa utingo wa baba yake, msaidizi wake kwenye lori. Miaka sita mfululizo alikula mezani kwao, na fundi, enzi hizo msichana wa shule, alimwita baba mdogo.

Mzee hakumtambua. Aliona mwanamke mwenye ovaroli na kofia, basi.

"Karibu fundi. Wewe ndiye uliyekuja kutumwagia unga?" akasema, akacheka peke yake.

Utani wenyewe ulikuwa nusu tu, nusu nyingine kweli. Kampuni ya malori ilikuwa imeamua kila tela liwekewe kamera nyuma, ili dereva ajionee mwenyewe kwenye skrini anakorudi. Matingo wote kumi na mmoja walishapewa barua za kuachishwa kazi. Walikuwa wanamalizia mwezi tu.

"Nimetumwa, mzee wangu," fundi akajibu, akafungua sanduku.

Kazi haikuwa ngumu. Kamera moja juu ya milango ya nyuma, waya chini ya bodi mpaka kwenye plagi inayounganisha tela na kichwa, na skrini pale mbele ya dereva. Gari refu likikata kona, vioo vya pembeni humwonyesha dereva ubavu wa tela lake mwenyewe tu. Nyuma kabisa haoni kitu. Ndiyo maana kulikuwa na matingo, na ndiyo maana baba yake alifungwa.

Ilikuwa miaka kumi na saba nyuma, mchana kweupe, kwenye ghala la saruji. Baba alirudi nyuma, tela likambana mlinzi wa ghala ukutani, akafa palepale. Mahakamani baba alisema aliambiwa rudi, naye akarudi. Utingo alisema alipiga kelele "simama" mpaka sauti ikamkauka, ila dereva alikuwa akinuka pombe tangu asubuhi. Na baba alikuwa mnywaji kweli, mtaa mzima ulijua. Akala miaka miwili.

Alipotoka hakupewa tena leseni. Alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, akitengeneza pasi na redio za watu. Mama alihamia chumba cha watoto. Kila mgeni aliyeingia, baba alimwanzia wimbo wake: "Mimi niliambiwa rudi." Watoto walitazamana tu. Siku moja fundi, msichana wa miaka kumi na tisa, alimkatiza mbele za watu: "Baba, inatosha! Umeua mtu, nyamaza." Baba akanyamaza. Aliishi miaka mitatu zaidi, na kwa fundi hakulitaja tena jambo hilo.

Saa tano hivi fundi alikaa kwenye kiti cha dereva, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, akatia gia ya rivasi ili skrini iwake. Ilibaki kupima mistari: kijani mbali, njano katikati, nyekundu karibu. Alikuwa amemwomba mzee asimame nyuma ya tela, hatua tano. Mzee alisimama huko na mlinzi wa lango, rafiki yake. Hakuna aliyemwambia kwamba ile kamera ina kipaza sauti pia, kinacholeta maneno mpaka kwa dereva.

"Kwa hiyo kidude hiki ndicho kinachokufukuza," mlinzi akasema.

"Ndicho. Na kingekuja mapema, mimi ningeozea jela."

"Wewe? Kwa lipi?"

Mzee alitema mate pembeni. "Dereva wangu alifungwa kwa kosa langu. Nilimwambia rudi, rudi, twende. Na mimi niko bombani nanawa uso, nimeligeuzia gari mgongo. Mazoea tu yale. Mara nikasikia mtu analia."

"Na mahakamani?"

"Nilikuwa na watoto wanne, bwana. Ungefanyaje? Yeye alikuwa mlevi, hakuna aliyeuliza mara mbili."

Kwenye skrini mzee alikuwa mdogo kama kidole, katikati ya mstari wa njano na mwekundu. Gia ilikuwa kwenye rivasi. Fundi aliutazama ufunguo kwa muda ambao baadaye hakupenda kuukumbuka. Kisha akauchomoa, akashuka, akazunguka tela lote.

Alivua kofia. "Baba mdogo."

Mzee alimkodolea macho. "Mwanangu... ni wewe?"

"Hiyo kamera inasikia. Nimesikia yote."

Mlinzi akaondoka taratibu kuelekea langoni. Mzee aliinamisha kichwa.

"Alinifuata alipotoka jela," akasema. "Hakutaka habari za mahakama. Alitaka niende nimwambie mama yako tu, basi. Nikamfungia mlango."

"Leo utakwenda."

Hakubisha. Njia nzima alikaa kwenye gari la fundi akiwa amekumbatia magoti.

Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Mzee alisimama mlangoni, akakataa kiti, akayasema yote kwa sauti ya chini. Mama aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha.

"Siku hiyo alikuwa amekunywa?" akauliza.

"Chai, shemeji. Tulikunywa chai."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Miaka sita mwanamume aligonga mlango wa chumba, nami nikajifanya nimelala."

"Nisamehe, shemeji."

"Nenda," mama akasema. "Ushautua mzigo wako."

Mzee alipotoka, fundi alisogea amshike mama mkono. Mama aliuvuta.

"Ulimleta ili iweje?"

"Nilitaka ujue, mama. Baba alisema kweli."

"Najua sasa. Niende nimwambie nani? Na wewe uliyemwambia anyamaze, utamwambia nani?"

Fundi alikaa pale mpaka mama alipoingia chumbani na kujifungia.

Kesho yake alirudi kazini, maana yalikuwa yamebaki matela kumi. Mzee hakuonekana, walisema amekuja alfajiri kuchukua vitu vyake. Fundi aliwaomba madereva wenyewe wasimame nyuma ya magari yao, wakalalamika jua kali, wakasimama. Alifunga kamera zote ndani ya siku nne.

Mama alikaa wiki tatu bila kumpigia simu. Alipopiga, aliuliza hali ya wajukuu, akauliza kazi inaendaje, akakata.