Gari la Ntheo

Katika gereji ya Othman pale Mutomo, Ndila alikuwa fundi kwa miaka mingi na Fahim kwa miezi tu. Lakini ni Fahim ambaye mzee alimwita "mwanangu". Neno hilo lilimchoma Ndila kama cheche za kuchomelea chuma, hasa tangu Othman aseme anafungua gereji nyingine Kathonzweni na atamchagua mmoja wao akaisimamie.

Asubuhi hiyo pikapu ya Mama Katunge ilifika ikivutwa kwa kamba. Ukizungusha ufunguo ililia tak, kisha kimya. Mama alikuwa ameipaka rangi mpya, hata ndani ya boneti, ili wakwe wa Kasikeu wasimdharau: kesho mwanawe angepeleka ntheo, mbuzi wa kumposea mchumba.

Fahim alitega sikio akasema ni stata. Ndila, akipita na spana yake, alitupa jicho. Taa zilififia kila ufunguo ulipozungushwa, na waya mweusi wa betri ulikuwa umefungwa kwenye bodi juu ya ile rangi mpya. Akaugusa pale kwenye bolti, una moto. Umeme haupiti kwenye rangi. Jibu lilimfika mdomoni, akalimeza. Mwache ahangaike, alijiambia. Leo huyo "mwanangu" wa mzee atajulikana.

Siku nzima Fahim alilala chini ya gari, vumbi jekundu mgongoni, akiimba. Alifungua stata, akasafisha kaboni, akairudisha.

"Dada Ndila, leo umemeza nini? Mbona huniambii nimekosea?"

Ndila akazidi kumchukia, maana hata utani wake ulikuwa mtamu.

Jioni gari likawaka. Mtikiso ulikuwa umeusogeza ule waya kidogo tu, ukagusa chuma kwa muda. Othman akampigapiga Fahim begani. Mama Katunge akaahidi kumwombea kanisani, Mwislamu au si Mwislamu, na watu wakacheka. Ndila peke yake hakucheka. Kesho pikapu ingekwama porini na mbuzi nyuma, habari zingerudi Mutomo mbio, na Kathonzweni ingekuwa yake.

Mama Katunge alikwishaketi kwenye usukani. Akamshika Ndila mkono kupitia dirishani. "Mwiitu wakwa, binti yangu, nimeihangaikia sana hii kesho. Mungu asituaibishe."

Ndila akageuka kuitazama boneti.

"Mama, zima kwanza," Ndila akasema. "Sasa washa."

Tak.

Akamwita Fahim, akamwonyesha ule waya juu ya rangi. Fahim alifungua bolti, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akakaza. Gari likanguruma, likazimwa, likanguruma tena. Badala ya kuona haya, Fahim akapiga makofi.

"Mzee, ni Ndila aliyeuona."

"Uliuona lini?" Othman akauliza.

Angeweza kujibu, "Sasa hivi." Hakuna ambaye angejua.

"Asubuhi."

Fahim akaitazama mikono yake iliyochubuka. Othman hakukaripia. Alisema taratibu kwamba Kathonzweni ataenda Fahim, kwa kuwa anayekosea hufundishika. "Wewe utabaki hapa, karibu nami, mpaka nizoee tena kukusikia ukisema unachokiona."

Ndila akainama kukusanya spana. Fahim akainama naye, akamwomba ruhusa ya kumpigia simu kila gari litakapomshinda kule. Alimaanisha, na Ndila akamwonea wivu hata kwa hilo.