Watano Juu ya Pipa

...na sasa amesema tusitikisike, tusitikisike vipi, mtu si gunia, mtu anapumua, tumesimama watano juu ya mbao zilizolazwa mdomoni mwa pipa jipya la kupimia chakula cha kuku, Kivuva mbele yangu na mgongo wake mpana kama mlango wa stoo, ananuka pumba na jasho, na kule chini fundi Hemed amepiga magoti mbele ya kabati la chuma, nyaya zimemjaa mkononi, nyekundu, nyeusi, kijani, nyeupe, na Mungai meneja amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, anamhemea fundi kisogoni, Fundi, kwani umenifungia mashini ya kusoma nyuma, watu wamepanda, namba inashuka! na kweli inashuka, hata mimi naziona kutoka huku juu zile tarakimu nyekundu kwenye kioo, zina kistari mbele, kistari cha kutoa, ina maana sisi watano ni pungufu ya hakuna... Kivuva anacheka kimyakimya, mgongo unatikisika, namba nazo zinacheza, Bwana, tafadhali, anasema Hemed bila kuinua kichwa, ana ile sauti yao ya pwani, hata akikasirika ni kama anakukaribisha chai, tafadhali bwana mkubwa, tulia kidogo, na bwana mkubwa Kivuva anatulia. Miguu yangu inaanza kufa ganzi. Mawe ya mizani hayajaletwa, ndiyo sababu tuko hapa, Hemed alitaka tungoje, hawezi kuliamini pipa mpaka limebeba kitu ambacho uzito wake unajulikana, Mungai akasema kungoja ni kwa nini, si watu pia wana kilo, pima watu, pandisha watu, tumalize, kwa hiyo asubuhi nimewapima wote kwenye mizani yangu ya zamani pale mlangoni, mmoja mmoja kama ng'ombe wa mnada, na mwisho nikapanda mwenyewe, nikasukuma kile kichuma polepole mpaka mkono wa mizani ukalala sawa, nikasema sitini na nne, Hemed akaandika kwa chaki ubavuni mwa kabati, hakuna aliyeuliza, nani atauliza, lakini Pasaka nilikuwa sitini, na hii njaa ya Kinoo hainenepeshi mtu, viazi na majani ya chai... watano, wamesema watano, mimi peke yangu najua tuko sita. Hapana, usiseme, hata ndani ya kichwa usiseme, kitu kikitajwa kinasikika, Jamleck mume wangu hajui, jana usiku amerudi kutoka uwanja wa maonyesho kule Jamhuri, wanapaka chokaa mabanda ya ng'ombe, nywele zake nyeupe kama za babu, akanawa, akaniuliza mbona huli, nikasema nimeshiba, uongo, ningemwambia pale, maji yalikuwa bado yanamchuruzika shingoni, ilikuwa saa nzuri ya kumwambia, nikaogopa uso wake utafunguka, maana mara ya kwanza ulifunguka hivyo hivyo na ukachukua miaka kufungika... Wahu, usiegemee nguzo! ni Mungai, siegemei, nimeshika tu, Ukishika pia ni kuegemea, dada, anasema Hemed pole pole, kilo zako zinashuka na nguzo, hazinifikii huku, haya, nimeachilia. Vile vyuma vyake viko chini ya miguu ya pipa, vitatu, vidogo kuliko mche wa sabuni, anaviita lodiseli, alinionyesha kabla hajavifunga, akanipa kimoja nikishike, baridi, kizito, akasema, Dada Wahu, chuma hiki kikilemewa hujikunja, jicho halioni, kidole hakihisi, umeme ndio unaohisi, unapita wayani kwenda kwa yule bwana wa kabatini, na bwana wa kabatini akijua pipa limefika kilo zake, anafunga mlango wa mahindi, anafungua wa pumba, halafu wa dagaa, halafu wa chokaa, bila mtu... akakwama hapo, akatazama pembeni, kwa sababu huyo mtu ni mimi, tangu enzi za ratili ni mkono huu na beleshi hili, kuku wa huku kote mpaka Ngong Road wamekula mkono wangu, na Mungai ameshasema ataleta kijana wa kidato cha nne wa kubonyeza vitufe, na huyu Hemed akaniambia, ukitaka nitakufundisha vitufe kabla sijarudi mjini, si kazi ngumu, nikamwambia nitafikiria, kufikiria nini, nitabonyeza vitufe na tumbo mbele, Mungai ataniweka? ...bado kistari, bado kutoa. Mizani, mizani, mimi na mizani, watu wanadhani ninaipenda kwa kuwa ndiyo kazi yangu, hawajui ile nyingine, ile ya kliniki, ya ndoana, mtoto anatiwa kwenye kisuruali cha turubai, ananing'inia, Wanjira wangu hakulia hata siku moja, alikuwa ananitazama tu huku anazunguka kidogo, na mshale haukupanda, mwezi huu pale pale, mwezi ujao chini, nesi ananitazama mimi, hatazami mtoto, Mama, unampa nini huyu mtoto? na benchi zima la wanawake linageuka, nampa uji, dada, uji wa wimbi na maziwa, nampa yai, Basi mbona hapandi, unampa au unakula mwenyewe? na wakacheka, wengine, si wote, nikarudi nyumbani nikampikia tena, akala, alikuwa anakula, Mungu anajua alikuwa anakula, mpaka siku ile hospitali kubwa mjini, daktari akamwekea kile chuma kifuani, akasikiliza, akasikiliza, akasema moyo una tundu mama, chakula chote anakimaliza kwa kupumua tu, kwa nini hamkumleta mapema... Akafa wakati wa mvua za vuli. Siku hizi naitwa Wahu, zamani nilikuwa Mama Wanjira, hakuna aliyetangaza, walianza tu kuacha, mmoja mmoja. Nani huyo anacheka? ni Hemed, anacheka peke yake chini kule, anajipiga paji la uso, Bwana Mungai, kosa langu, mzigo upo, vyuma vinafanya kazi yake sawasawa, ni hizi nyaya mbili za kurudi nimezibadilisha, nyeupe imekaa kwa kijani, kwa hiyo habari inafika kichwa chini miguu juu, Mungai anafyonza, Kwa hivyo hakuna kitu imeharibika? Hakuna, mzigo ulikuwa ukisema kweli tangu asubuhi, mimi ndiye nimeusoma vibaya... ukisema kweli. Alikuwa anasema kweli. Mwezi baada ya mwezi, pale kwenye ndoana, mwanangu alikuwa anasema kitu, naumwa, naumwa, na yule nesi akasoma mama mwizi, na mimi, mimi nami nikasoma hivyo hivyo, nikaamini, mpaka leo kila nikitia uji kwenye bakuli nausikia ule mdomo wa nesi, unampa au unakula mwenyewe... nilimpa. Nilimpa wote. Macho haya yanafanya nini, si hapa mbele ya watu. Zimezimika, zile tarakimu, amezima, sasa anafungua skrubu, anarudisha kila waya mahali pake, nitakwenda kliniki, hiyo hiyo, nitakaa benchi hilo hilo, na wakianza kuniuliza nampa nini nitasimama niseme sikilizeni kifua kwanza, sikilizeni kifua... zimewaka. Hakuna kistari. Zinapanda, zinapanda, zinatulia. Kivuva anapiga mluzi. Bado, anasema Hemed, msishuke, mtulie hivyo hivyo, nataka nione kama itakaa. Mbao zinaniyumba, si mbao, ni kichwa, weupe unaingia pembeni mwa macho, na mdomo wangu umeshafunguka, Fundi, naomba nikae chini. Mungai anainua kichwa, Aii, wewe pia, hata saa moja haijaisha, umechoka nini? Kivuva anageuka nusu, ananishika kiwiko, ndiyo hivyo basi, Jamleck atanisamehe kwa yeye kuwa wa mwisho kusikia, nimeshasema, kwa sauti, mpaka kule mlangoni wamesikia, Nina mimba. Mungai anatazama kabati, anatazama viatu vyake. Na Hemed hajaondoa macho kwenye kioo, anasema kama mtu anayeelekeza njia, Kaa, dada, ukikaa uzito ni ule ule.