Mstari Uliosimama

"Mstari bado upo, dada?" Bi Mdogo aliuliza akiwa nje, akisugua kioo cha mbele cha gari jeupe juu chini, juu chini, mpaka mabega yakamtikisika.

"Bado upo," alijibu Bi Mkubwa kutoka ndani. "Ongeza nguvu, mdogo wangu."

Alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha abiria, kitambaa kikavu mkononi, akimtazama mke mwenzake anavyohangaika. Mstari wenyewe ulikuwa upande wake, ndani, karibu kabisa na pua yake. Angeweza kuufuta mara moja. Hakuufuta. Alimwacha mwenzake atoe jasho kwanza, amtupie jicho mwenye gari aliyesimama pembeni amekunja mikono, aone haya. Ndipo akapitisha kitambaa chake polepole, kama mtu anayetoa msaada, na mstari ukatoka. Huko nje Bi Mdogo akashusha pumzi, akaamini ameutoa yeye. Akashukuru.

Pale walipooshea magari hakuna aliyewaita kwa majina yao. Mume wao, dereva wa malori, alikuwa ameshazikwa, lakini vyeo alivyowaachia vilibaki: huyu Bi Mkubwa, yule Bi Mdogo. Waosha magurudumu walipenda kuwatania kwamba zamani kila mmoja alikuwa na upande wake wa kitanda, na sasa kila mmoja ana upande wake wa kioo. Wenyewe walikuwa wakicheka pamoja nao. Msiba ulikuwa umewapatanisha, na ni Bi Mkubwa mwenyewe aliyemshika mwenzake mkono akamleta kazini.

Yeye alifanya ndani, na kazi iko ndani. Nje ni vumbi na tope tu, maji yanamaliza. Ndani kuna ukungu wa mafuta unaopanda kutoka kwenye dashibodi jua linapoichoma, kuna pumzi za watu, moshi wa sigara, vidole vya watoto. Ukirushia maji kwenye kioo umeshaharibu. Maji hurushiwa kwenye kitambaa. Kitambaa cha kwanza kina unyevu, cha pili kikavu, na vyote viwili havifuliwi pamoja na matambara mengine wala havitiwi sabuni za kunukia. Ile kona ya chini, kioo kinapokutana na dashibodi, unaingia kwa mkono uliogeuzwa kiganja juu, vidole vimenyooka, na bega linalia.

Desturi ya mistari nayo aliileta yeye. Ndani hufutwa kwa kulaza, kushoto kwenda kulia. Nje hufutwa kwa kusimamisha, juu kwenda chini. Gari likirudishwa lina alama, hakuna kubishana: mstari uliolala ni wa ndani, uliosimama ni wa nje. Bosi aliipenda sana desturi hiyo kwa sababu ilimpunguzia kazi ya kufikiri.

Kisha ikaja ile asubuhi ambayo bosi, akimenya chungwa, aliwaambia kwamba vioo vitabaki na mtu mmoja tu, ndani na nje. Atakayerudishiwa magari ndiye atakayekwenda. Alitema mbegu, akaenda kupokea simu.

Bi Mkubwa hakulala vizuri usiku ule. Hakujaliwa kuzaa. Waliishi ua mmoja, vyumba viwili vinavyotazamana, na binti wa Bi Mdogo alikuwa akilala kwake tangu alipoachishwa ziwa, akimwita Mama Mkubwa, akimwamsha alfajiri amsuke nywele kabla ya shule. Lakini aliona wazi kwamba kilichomfanya awe mtu katika ua ule ni kazi. Ikiondoka, atabaki mwanamke mzee anayesubiri sahani kutoka kwa mwanamke aliyeolewa juu yake. Mengine yote alikuwa ameyameza: harusi, kitanda, mimba. Hilo la sahani lilimkaba.

Basi alichukua kitambaa kimoja akakichovya ncha kwenye mafuta ya kung'arishia dashibodi, kidogo tu. Akavuta mstari mmoja ndani ya kioo, wima. Kivulini hauonekani. Gari likishatoka juani, mstari unajitokeza mbele ya macho ya dereva, naye anageuza gari anarudi anafoka. Baadaye akaanza kuisubiri ile saa ya Bi Mdogo kusugua, kope zimelowa, akiuliza kama bado upo. Kulikuwa na raha fulani katika kusema bado. Raha hiyo ilimshangaza, lakini hakuikataa.

Siku ya kuamua, bosi alimsimamisha Bi Mdogo mbele ya gari, waosha magurudumu wakaacha mabomba wakaja kutazama.

"Huu mstari umelala au umesimama?"

"Umesimama, bosi."

"Kwa hiyo wa nani?"

"Wangu."

Watu wakaguna. Mmoja akasema labda Bi Mdogo anafutia kioo maandazi ya jana, wakacheka. Bosi akamgeukia Bi Mkubwa, akamuuliza kama kweli alimfundisha huyu. Bi Mkubwa alikuwa bado ameketi ndani ya gari, mguu mmoja nje. Angeweza kunyamaza.

"Nilimfundisha," alisema. "Lakini kufundishwa si kushika."

Unga wa Bi Mdogo ukamwagika hapo hapo. Alikunja kitambaa chake mara nne, akakiweka juu ya ndoo, akaondoka bila kunawa mikono.

Jioni alikuja kukaa kwenye kizingiti cha chumba cha Bi Mkubwa. Hakuja kulaumu. Alisema mwalimu alikuwa mzuri, kichwa ndicho kibovu. Hata usingizini anaiona ile mistari na hajui inatoka wapi. Akasema ameshazungumza na kaka yake, atahamia kwake huko mbali. Bi Mkubwa akamwambia ni vyema, ndugu ni ndugu, na mtoto amwache hapa asikatize masomo. Alilisema kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

"Mtoto nafuatana naye, dada," alisema Bi Mdogo. "Ningekuwa na kazi ningemwacha alale kwako mpaka aolewe. Lakini nitakwendaje kukaa kwa watu bila mwanangu?"

Bi Mkubwa alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Aliona kitanda chake kitakavyokuwa kipana. Neno likampanda mpaka kooni: angelisema kwa bosi kesho, na Bi Mdogo angerudi, na mtoto angebaki. Lakini yeye angefukuzwa, na sahani ingekuja, imefunikwa vizuri, mkononi mwa mtu ambaye yeye ndiye aliyemdhulumu. Alilimeza neno lile. Akauliza tu kama nguo za mtoto zimeshafuliwa.

Waliondoka siku ya shule. Bi Mkubwa aliwahi kazini kabla hawajaamka, makusudi. Sasa alifuta pande zote mbili, na mkono ulikuwa umeanza kumchanganya; mara nyingine alijikuta anasimamisha mahali pa kulaza. Na kile kitambaa cha mafuta, japo alikifua na kukichemsha, kilikuwa hakitoki mafuta yote.

Alikuwa ndani ya gari lililosogezwa juani kukaguliwa, milango imefungwa vumbi lisiingie, alipowaona mbele ya kioo. Bi Mdogo ana furushi kichwani. Binti amevaa viatu vya shule, na nywele hazijasukwa. Sauti zao hakuzisikia.

Bi Mdogo aliinua mkono ili agonge, akauona mstari. Ulikuwa umesimama katikati ya kioo. Mazoea hayana aibu: alitua furushi, akapuliza pumzi kwenye kioo, akashika ncha ya mtandio wake akasugua juu chini. Kwa ndani Bi Mkubwa alikuwa na kitambaa mkononi, lakini mkono haukuinuka. Alikuwa anamtazama mtoto.

Mstari haukutoka. Bi Mdogo akapuliza tena, akasugua tena. Haukutoka. Akaacha. Aliweka ncha ya kidole juu ya mstari, akasogeza kichwa upande huu, kisha upande ule, na mstari ukahama kutoka chini ya kidole: ulikuwa upande wa ndani. Ndipo akainua macho akamtazama Bi Mkubwa, na macho yale hayakuwa na swali.

Bosi alipaza sauti kutoka kibandani kwake, akamuuliza amesahau nini.

"Sijasahau kitu, bosi," alisema Bi Mdogo. Akajitwisha furushi. "Muage mama yako mkubwa, tusije tukachelewa."

Binti alipunga mkono. Hakuona kama anajibiwa, kwa hiyo akasogea akabandika kiganja chake chote kwenye kioo, vidole vimetanuka, akangoja kidogo. Mama yake akamvuta taratibu, wakaenda zao.

Bosi akagonga bati la kibanda. Akasema mwenye gari ana haraka, kioo kitoke safi pande zote.

Bi Mkubwa aliufuta mstari wa ndani kwanza. Kisha akafungua mlango, akazunguka na kitambaa mpaka mbele ya gari, akasimama pale ambapo kile kiganja kidogo kilikuwa kinang'aa juani.