Namba ya Mtu wa Karibu

Waulize wenzangu, watakwambia nina mdomo. Ninao, nafanyaje?

Timu yetu ya dawa za kuzuia damu kuganda ina watu watatu. Daktari anaandika dozi, mfamasia anahakiki, mimi muuguzi namfundisha mgonjwa, kisha wote tunasaini fomu, mpya kila mwaka. Mgonjwa akishaenda nyumbani, ni wangu. Kila Jumatatu nampigia: umemeza kidonge? Umetokwa na damu? Ofisi yangu ina meza, simu ya mezani na dirisha linalotazama ukuta. Nikikata simu, kimya kinaniudhi.

Jumatano moja alasiri, maabara wakaniita. Damu ya Fundi Saa, mzee tuliyekuwa naye mwaka wa pili, ilikuwa nyepesi mno. Kipimo kilitakiwa kiwe kati ya mbili na tatu, kilisoma tisa. Akijikwaa tu, tunazika.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikafungua fomu, nikanyanyua simu ya mezani, nikapiga namba ya mtu wake wa karibu. Inatumika. Nikapiga tena. Inatumika.

"Huyu ndugu gani anaongea hivi, hachoki?" nikafoka.

Mfamasia alikuwa ameingia na faili. Akachungulia fomu.

"Dada, hiyo si namba ya simu yako hapo mezani?"

Lo! Namba tunayowapa wagonjwa kwenye kadi. Nani hujipigia hata aijue kwa kichwa? Daktari alisaini akijua mfamasia ataisoma. Mfamasia aliona saini ya daktari. Mimi nikaona saini zao mbili, nikamwaga yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Tulikimbia na gari la mfamasia. Tulimkuta mzee ameketi kitandani, taulo puani limelowa damu iliyokuwa ikimtoka tangu asubuhi. Mgongo ulimuuma, akanunua vidonge vya maumivu dukani, akavichanganya na vyetu.

Tulimuwahi. Kesho yake wodini, damu ilipokuwa imekoma, nikamvaa.

"Mzee, ulituandikia namba yetu wenyewe! Ungekufa, ujue! Huna mtoto? Huna hata jirani?"

"Usinigombeze, mwanangu," alisema polepole. "Uliniambia niandike mtu anayenijulia hali. Ni wewe tu."

Nilitoka nje ya pazia, nikalia. Nilipomaliza nikarudi na fomu mpya, nikaandika namba yangu ya mkononi. Penye uhusiano nikaandika: binti. Mzee alisoma, akatikisa kichwa kukubali.

Safari hii hatukuaminiana. Daktari alisoma namba tarakimu kwa tarakimu, kisha mfamasia akaipiga kuhakikisha. Simu ikalia mfukoni mwangu, nikashtuka. Wiki nzima hiyo, ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulia.